WAV hairudishi kilichotupwa

Makala nzuri, ndugu mwandishi, ila hapo uliposema kugeuza MP3 kuwa WAV "kunaongeza ubora" umetupoteza. MP3 hupunguza ukubwa kwa kutupa sauti ambazo sikio halizitambui kwa urahisi, hasa zile zinazofunikwa na sauti kubwa zaidi. Zikishatupwa hazirudi. Ukigeuza unapata uji ulioongezwa maji: sufuria imejaa, unga ni uleule. WAV ya kiwango cha CD (sampuli 44,100 kwa sekunde, biti 16, chaneli mbili) hula takriban MB 10 kwa dakika. MP3 ya kbps 128 hula karibu MB 1.

Faida ya kugeuza kuwa WAV ipo kwenye kuhariri. Kila ukihifadhi upya kwa MP3, programu inabana tena na kutupa tena. Kwa hiyo mtangazaji anayepokea sauti za WhatsApp, ambazo zimebanwa kwa mfumo wa Opus, azifungue kwenye programu ya kuhariri sauti ya Audacity (huenda akahitaji kuiongezea maktaba ya FFmpeg kwanza), azihifadhi kama WAV, akate na kuunganisha humo, kisha atoe MP3 mara moja tu, kazi ikiisha.

Na jamani, kubadilisha herufi za mwisho wa jina la faili kutoka mp3 kuwa wav si kugeuza kitu!

Mwenye CD halisi aachane na MP3 kabisa, anakili kwa WAV moja kwa moja kutoka kwenye CD. Diski ya kompyuta ikimbana, atumie FLAC, inayopunguza ukubwa bila kutupa chochote.