Hewa Tuitoayo: Kosa katika Somo la Upumuaji

Aghalabu mwanachuo aendapo katika mazoezi ya kufundisha hulichukua somo la upumuaji kuwa jepesi. Hutundika picha ya mapafu, huandika ubaoni kwamba "tunavuta oksijeni na kutoa kabonidayoksaidi", watoto wakanakili, kengele ikalia. Sentensi hiyo imeenea mno, na kwa maoni yangu yafaa ifutwe katika maandalio yetu ya masomo.

Mtu havuti oksijeni tupu. Huvuta hewa, ambayo katika kila sehemu 100 ina sehemu 21 hivi za oksijeni. Karibu zote zilizobaki ni naitrojeni. Anapoitoa hewa hiyo, oksijeni imepungua hadi sehemu 16 au 17, na kabonidayoksaidi, iliyokuwa kidogo mno, imefikia sehemu 4 hivi. Basi katika hewa itokayo kinywani, oksijeni bado ni mara nne ya kabonidayoksaidi.

Huenda mwanachuo akasema kwamba huku ni kuchambua maneno bure, na kwamba mtoto wa shule ya msingi atatosheka na kauli fupi. Sikubali. Shule zetu nyingi ziko kando ya ziwa, mto au bahari. Mtoto akiopolewa majini naye hapumui, hupuliziwa pumzi kinywani ili aokolewe. Kijana aliyekariri kwamba pumzi yetu ni kabonidayoksaidi ana haki ya kusita: kwa elimu tuliyompa, atakuwa anampulizia mwenziwe uchafu. Kumbe zile sehemu 16 zatosha kumrudishia uhai.

Liko na jambo la pili. Watoto hudhani kwamba mapafu hujitanua yenyewe, ilhali hayana misuli ya kufanya hivyo. Kiwambo, ule msuli mpana ulio kati ya kifua na tumbo, hushuka, mbavu huinuka, nafasi ya kifua huongezeka, kanieneo ya hewa iliyomo hupungua, na hewa ya nje huingia. Mfua chuma huifungua mivukuto kwanza, ndipo hewa iingie. Chupa iliyokatwa kitako na kutiwa puto ndani ni zana njema, lakini kuta za chupa hazisogei kama mbavu. Kwa hiyo, kabla ya kuonyeshwa chupa, watoto na waweke viganja mbavuni mwao na kuvuta pumzi. Zana hiyo haina gharama, na hakuna asiyekuja nayo shuleni.

Ama kuhusu hewa tuitoayo, andaa glasi mbili za maji ya chokaa yaliyochujwa. Moja ipulizwe na mwanafunzi kwa mrija (apulize tu, asivute, maana maji hayo huchoma), na ya pili ipulizwe kwa pampu ya baiskeli. Ya kwanza hugeuka upesi kuwa nyeupe kama maziwa. Ya pili hubaki angavu. Waulize sababu. Wengi watajibu kwamba hewa ya pampu haina kabonidayoksaidi kabisa. Usiwakatize wala usiwasahihishe. Wape pampu waendelee kupokezana. Wakidumu kwa muda mrefu wa kutosha, glasi ya pili nayo itaanza kufifia, na hapo swali la "kiasi gani" watalileta wenyewe.