Kasuku Asiyenyamaza

Mwenzetu mmoja wa Msanzi, aliyepanga vyumba viwili mjini Sumbawanga, anafuga kasuku. Kuta za nyumba hiyo hazikufika paa, na jirani yake ana mtoto mchanga. Alfajiri, mtoto anapopata usingizi, kasuku huanza. Sasa majirani hao hawaombani hata chumvi.

Mwenye ndege hukosea anapomkemea. Kasuku ni ndege wa makundi, nayo huitana jua linapochomoza na linapozama. Ukimjibu kwa ukali, umempa alichokitaka. Mjibu kwa mluzi mdogo anapotulia, akipayuka, usimtazame. Usiku mfunike kwa kitambaa kipitishacho hewa, apate saa 10 hadi 12 za giza. Wapo wamfunikao mchana kutwa. Huo ni ukatili. Mchana mpe gunzi na vijiti atafune, maana kasuku asiye na kazi hupiga kelele. Tundu liondolewe kwenye ukuta wa jirani.

Nawe unayetamani kununua, uliza kwanza kibali cha wanyamapori. Kasuku wa kijivu huweza kuishi miaka 40 na zaidi. Huenda watoto wako ndio watakaomrithi.

Mwenzetu amehamishia tundu chumba cha pili. Kwa jirani bado hajabisha hodi.