Jina Si Mfuko wa Viazi

Alimbongo iko juu, kwenye baridi, kando ya barabara kuu namba 2 inayopanda kutoka Goma kuelekea Butembo na Beni. Aliyepita pale siku za amani anajua namna viazi na kabichi vinavyopangwa kando ya barabara, na namna mambo yanavyokwenda gari la mizigo likisimama: akina mama wanakimbia, komisioneri, yaani dalali, anawatangulia, na bei inaanza kupatanwa kabla dereva hajazima injini. Hapo ndipo wengi wetu tulipojifunzia kuuza. Ndiyo maana kijana wa Butembo anayetunza tovuti ya ushirika wa wakulima, akipata ujumbe wa mtu asiyemjua unaosema "nataka kununua jina la tovuti yenu, mnauza ngapi?", anajibu kama amesimama karibu na mfuko wa viazi.

Jina la tovuti, ambalo wataalamu wanaliita jina la kikoa, ni yale maneno tunayoandika kwenye simu ili tufike mahali kwenye intaneti, yakiishia na .com, .org, au .cd ya Congo yetu. Jina la .com lisilo na mwenyewe linasajiliwa kwa dola kumi na kitu kwa mwaka, halafu kuna siku linaombwa na mtu aliye tayari kulipa mara mia ya hizo. Siku hiyo kila rafiki anageuka mshauri. Nayajibu hapa madai ninayoyasikia zaidi, kwa kuwa yanawapotezea watu mali, na mojawapo linaweza kumfikisha mtu mbele ya waamuzi.

"Nililipa, ni langu, nitamuuzia nimtakaye kwa bei nitakayo."

Si kweli, na hili ndilo dai la hatari kuliko yote. Jina la kikoa halinunuliwi kama shamba, linakodiwa. Hata ukiwa na pesa nyingi, .com huwezi kuilipia zaidi ya miaka 10 kwa mara moja, na malipo yakikatika jina linarudi sokoni. Zaidi ya hapo, tangu mwaka 1999 ICANN, shirika linalosimamia mfumo wa majina ya intaneti duniani, lina utaratibu wa kusuluhisha ugomvi wa majina kama .com na .org. Mwenye alama ya biashara anaweza kukunyang'anya jina akithibitisha mambo matatu: kwamba linafanana na alama yake kiasi cha kuwachanganya watu, kwamba wewe huna haki wala shughuli halali nalo, na kwamba ulilisajili na kulitumia kwa nia mbaya. Kulisajili kwa lengo la kumuuzia mwenye alama kwa bei inayopita gharama zako kumeandikwa waziwazi kuwa ni dalili ya nia mbaya.

Kesi ya kwanza kabisa iliyoamuliwa chini ya utaratibu huo ilikuwa ya namna hii hii. Oktoba 1999 Mmarekani mmoja alisajili worldwrestlingfederation.com kwa dola 100. Siku tatu baadaye akaiandikia kampuni ya mieleka yenye jina hilo kwamba anaiuzia kwa dola 1,000. Hakudai milioni. Hakuwa hata amefungua tovuti. Januari 2000 mwamuzi aliamuru jina lihamishiwe kwa kampuni, na yule bwana hakupata kitu. Barua yake mwenyewe ya kuuza ndiyo iliyomfunga.

Basi kabla hujajibu mnunuzi yeyote, jiulize: jina hili nimelitumia kwa kazi gani? Ushirika wa kahawa wenye jina la mlima wao, wanaopokea maagizo kupitia jina hilo, wana mguu wa kusimamia. Kijana aliyesajili jina la kampuni ya simu akiongeza neno "butembo" mwishoni hana. Huyo namshauri asiuze. Aliache.

"Anayetaja bei kwanza ndiye anayeshindwa."

Hili linasemwa kwa uhakika mkubwa, tena na watu walioona mama zao wakifanya kinyume chake maisha yote. Kando ya barabara ya Alimbongo nani anataja bei kwanza? Mama mwenye viazi. Dereva anauliza, mama anataja, na mazungumzo yote yanayofuata yanazunguka ile namba yake. Akisema kubwa kidogo anapata mahali pa kushuka. Akikaa kimya na dereva akataja yeye, atatumia nusu saa kupanda kutoka shimoni. Kwa jina la maneno ya kawaida, ambalo si alama ya mtu, kutaja bei yako kwanza si udhaifu hata kidogo, ilimradi umeifikiria kabla.

Ila lile dai lina chembe ya ukweli mahali pamoja. Jina likikaribia alama ya mtu mkubwa, namba utakayoitaja inageuka ushahidi. Mwaka 2003 kijana wa Kanada mwenye umri wa miaka 17, Mike Rowe, alisajili MikeRoweSoft.com kwa kazi zake za kutengeneza tovuti. Lilikuwa jina lake halisi na neno moja juu yake, lakini ukilitamka unasikia Microsoft. Mawakili wa kampuni hiyo walimwandikia wakimtaka awape jina, na wakamwahidi dola 10, yaani gharama ya kulisajili. Kijana aliona amedharauliwa, akajibu kwamba anataka dola 10,000. Jibu alilopata lilikuwa barua nene ya kisheria, na ile 10,000 yake ikatajwa humo kama uthibitisho kwamba alikuwa na nia ya kuwakamua. Mambo yaliisha kwa maelewano Januari 2004 kwa sababu magazeti yalimtetea, na kampuni ikampa zawadi ikiwa ni pamoja na mashine ya michezo ya Xbox. Kijana wa Butembo asitegemee magazeti ya dunia yamtetee. Kwake jibu salama kwa barua ya namna hiyo ni moja: "Jina hili tunalitumia kwa kazi yetu, haliuzwi. Kama mna pendekezo, liandikeni." Halafu asubiri.

Kuna hesabu nyingine ambayo muuzaji anapaswa kuijua. Mlalamikaji akipeleka jina moja mbele ya mwamuzi mmoja katika kituo cha usuluhishi cha Shirika la Hakimiliki Duniani, WIPO, kule Geneva, analipa ada ya dola 1,500, mbali na mawakili. Kwa hiyo mwenye alama ya biashara anapokuja kwako, tayari ana mizani mkononi: kesi itanigharimu kiasi gani, na huyu anataka kiasi gani? Bei inayopita gharama ya kesi anayoamini atashinda haitalipwa, hata ukimbembeleza mwaka mzima.

"Mnunuzi akitoka Ulaya au Dubai, omba milioni."

Hadithi za mamilioni ni za kweli. Mwaka 2019 jina voice.com liliuzwa kwa dola milioni 30. Lakini hilo ni neno moja la Kiingereza ambalo kila mtu analijua, linalomfaa mfanyabiashara yeyote duniani. Weka kando yake hadithi nyingine. Septemba 2015 mtu mmoja aliyewahi kufanya kazi Google alijaribu kununua google.com yenyewe, na mashine ikampa kwa dola 12. Alikuwa nayo kwa dakika moja hivi kabla kampuni haijafuta mauzo. Walimpa dola 6,006.13, wakaziongeza maradufu alipoomba ziende kwa wenye shida. Hilo ni jina linalofunguliwa na dunia nzima kila siku.

Thamani ya jina kwa mnunuzi ni hasara atakayopata akilikosa, si uzito wa mfuko wake. Wafanyabiashara wa Butembo walizoea kwenda Dubai, Guangzhou na Jakarta kuleta bidhaa wakati benki nyingi hazikuwajua. Hao wanalielewa jambo hili kuliko mwalimu yeyote. Muulize mnunuzi jina atalitumia kwa nini, na utafute mwenyewe: kampuni yake inaitwaje, tayari ana jina gani, je, anaweza kuridhika na .org au kuongeza neno moja mbele? Tazama pia majina yanayofanana na lako yaliuzwa kwa kiasi gani. Ukitoka hapo utakuwa na namba tatu: ya kutaja, ya kutamani, na ya mwisho ambayo chini yake unasema hapana kwa heshima. Bila ile ya tatu hujaanza kupatana bei.

"Kaa kimya wiki tatu, atapanda mwenyewe."

Atakwenda zake. Dereva wa viazi anarudi kesho kwa kuwa barabara ni moja. Mnunuzi wa jina ana barabara mia. Mjibu ndani ya siku mbili, kwa maneno machache, bila kumweleza shida zako. Hili la mwisho nalisisitiza kwa ajili ya ndugu zetu waliohama. Tangu Desemba 2024, vita vilipofika Alimbongo, wapo waliokimbilia upande wa Lubero na Butembo wakiwa wameacha mashamba na ghala. Mwenye njaa akisema ana njaa, bei inashuka papo hapo. Kuuza kwa sababu ya shida si aibu, lakini sababu yako ibaki nyumbani kwako.

"Jina la huku kwetu nani atalitaka?"

Hili linaniumiza, kwa kuwa linasemwa na vijana wenye akili, na linawafanya waache majina yaishe muda bila kuyalipia. Wasikilize jambo lililotokea kwa Congo yenyewe. Nchi yetu ilipokuwa Zaïre, mwisho wa majina yake ulikuwa .zr. Baada ya mabadiliko ya 1997 tukapewa .cd, na mwaka 2001 .zr ikafutwa. Majina yote ya .cd yanategemea kompyuta chache zinazoielekeza dunia mahali pa kuyapata, na baadhi yake zilikuwa chini ya jina moja la kawaida, scpt-network.com, kutokana na kampuni ya serikali ya posta na mawasiliano, SCPT. Mwishoni mwa 2020 jina hilo liliachwa likafa. Mtafiti wa usalama wa mitandao kutoka Sweden, Fredrik Almroth, aliliona, akalinunua kama mtu yeyote anunuavyo. Kwa jina hilo moja angeweza kupokea karibu nusu ya maulizo yote ya majina ya .cd, na kuyapeleka alikotaka. Bahati yetu alikuwa mtu mwema: aliwajulisha wenyewe Januari 2021, wakahamia jina jingine. Angekuwa mhalifu, ni nani angepatana naye bei, na kwa kiasi gani?

Jina lile halikuwa zuri masikioni. Thamani yake ilitoka kwa watu waliokuwa wakipita humo. Vivyo hivyo jina la ushirika wa viazi au kahawa: barua pepe za wateja zinaingilia humo, karatasi za maagizo zimelichapa, mnunuzi wa ng'ambo amelihifadhi kwenye simu yake. Hivyo ndivyo vya kumwonyesha mnunuzi. Tena ukumbuke kwamba ukishaliuza, barua zitakazotumwa kesho kwa jina hilo atazisoma yeye.

"Nimeona pesa kwenye simu, nimpe jina."

Picha ya ujumbe wa M-Pesa au Airtel Money inatengenezwa kwa dakika mbili. Tazama salio lako mwenyewe. Kwa kiasi kikubwa cha pesa tumieni mdhamini wa malipo: mnunuzi anaweka pesa kwake, muuzaji anahamisha jina, mnunuzi anathibitisha, ndipo pesa zinatoka. Escrow.com wanafanya kazi hiyo tangu 1999. Anwani yao iandike mwenyewe, usibonyeze kiungo ulichotumiwa na mnunuzi, maana wadhamini wa uongo ni wengi. Nambari ya siri ya kuhamisha jina usimtajie mtu kabla mdhamini hajasema pesa imefika. Na mnunuzi akikutaka kwanza ulipie cheti cha kuthibitisha thamani ya jina lako, huyo si mnunuzi. Ni mwizi, na cheti ndicho anachokiuza. Fikiria pia pesa itakufikia kwa njia gani: tangu benki za Goma zilipofungwa Januari 2025, njia ya kupokea malipo ni sehemu ya mapatano, na semeni mapema nani atabeba gharama zake.

"Fundi wetu anashughulikia hayo."

Nilishuhudia ushirika mmoja ukipata mnunuzi mwenye bei nzuri na masharti mazuri. Tulipokwenda kuangalia usajili, jina lilikuwa limeandikwa kwa jina la fundi aliyetengeneza tovuti miaka ya nyuma. Alikuwa amehama, simu yake haipatikani, barua pepe aliyosajilia imesahaulika. Mnunuzi alisubiri mwezi mmoja akaondoka. Wazee waliochanga pesa za ile tovuti hawakuwa na chochote cha kuuza.

Kwa hiyo nawaomba viongozi wa shirika, shule na ushirika wote kuanzia Alimbongo hadi Beni: muulizeni leo aliyewasajilia jina mambo mawili. Limeandikwa kwa jina la nani, na linakwisha tarehe gani?