Betri na Jua la Simiyu

Wapo wanaodhani kuwa gari la umeme hutoka kiwandani likiwa kamili. Sivyo hata kidogo. Nissan ilianza kuuza Leaf mwaka 2010 bila mtambo wa kuipoza betri; ilipofika 2012, wenye magari hayo katika joto la Arizona, Marekani, walilalamika kuwa betri zinadhoofu upesi. Ndipo kampuni ikabadili kemikali zake, na magari ya mwaka 2015 yakapata betri yenye kustahimili joto zaidi.

Yale ya kwanza sasa huuzwa kama mitumba. Hatuukatai umeme, kwani petroli inatukamua. Lakini jua la Simiyu nalo ni jua. Atakayetuletea gari la namna hiyo Bariadi na aulizwe kwanza: ni la mwaka gani, betri imebakiwa na nguvu kiasi gani, na ikichoka fundi yupi ataibadili? Asipojibu, mkulima wa pamba na azuie fedha zake.