Mlango Ambao Haukuwapo

Mwezi wa Julai 2023 simu zetu hapa Maskati zilijaa mwanasesere Barbie, mkubwa ajabu, akitoka katika boksi lake kando ya Burj Khalifa. Hakuwapo Dubai. Alitiwa kwa kompyuta juu ya picha za mji halisi, kuitangaza filamu. Mwezi huo huo treni ya London ilioneshwa ina kope, brashi kubwa ikizipaka wanja. Nalo ni tangazo, la Maybelline. Kitu kikubwa kama kile chajisema chenyewe kuwa ni mchezo. Ugomvi wangu ni na kitu kidogo.

Karibuni kijana wa ukoo wetu alisafisha picha ya zamani ya nyumba ya babu, Unguja, akaitia mlango wa nakshi wenye misumari ya shaba. Hakuwa na nia mbaya, alitaka nyumba ipendeze. Lakini hakusema. Picha ikaenea kwa jamaa wa Unguja, Dubai na London, na baada ya wiki mbili dada yangu, aliyezaliwa nyumba ile, akanihadithia alivyokuwa akiichezea misumari ile utotoni. Mlango wetu ulikuwa wa mbao tupu, rangi ya kijani. Niliupaka mwenyewe.

Nilipomwambia, akanijibu, "Wewe mdogo wangu, umesahau."

Nikamwita kijana anieleze kazi yake. Kwanza kompyuta hufuata mistari ya kuta na barabara ili ijue kamera ilisimama wapi. Kisha mwanga, na hapo ndipo penye kazi. Mwaka 1998 mtaalamu wa Marekani, Paul Debevec, alionesha njia: weka tufe linalong'aa kama kioo pale kitu kitakapokaa, ulipige picha kadhaa, za mwanga mdogo na za mwanga mwingi. Tufe huona jua, mbingu na ukuta wa jirani, na kompyuta hukiangaza kitu cha uongo kwa mwanga ule ule wa kweli. Halafu kivuli, kwani kitu kisicho na kivuli huelea. Mwisho hutiwa chenga, maana kitu kisafi mno ndani ya picha kuukuu hujisaliti.

Kwa picha ya babu hapakuwa na tufe, kijana alilikisia jua tu. Kivuli cha baraza kimelala kushoto, vya misumari kulia. Niliona kwa miwani yangu ya kusomea. Lakini kesho hatakosea, na zipo programu sasa zinazotia kivuli zenyewe kwa kuandikiwa sentensi moja.

Nimekuwa karani miaka mingi. Tangu shule ya wamisheni tulifunzwa kwamba kosa hukatwa kwa mstari mmoja, la chini lisomeke, na pembeni hutiwa saini. Picha za majahazi, harusi na nyumba zilizobomoka ndizo hati pekee walizobaki nazo wengi wetu. Basi, wanangu, tieni mnachotaka, lakini ya asili iwekeni kando bila kuguswa. Iliyobadilishwa iandikeni ndani ya picha yenyewe, kwani maneno ya chini yake hupotea ikitumwa: nini kimetiwa, na nani, lini.

Kijana amekubali, ameituma ya asili kwa jamaa wote. Dada ameipokea, akashukuru. Iliyotundikwa ukumbini kwake ni ile ya mlango wa nakshi.