Mteja wa seva hulipia kumbukumbu ambayo huenda haipo

KAMPUNI yenye seva ya kumbukumbu ya gigabaiti 256 inaweza kuwaahidi wateja wake jumla ya gigabaiti 400 na ipitishe miezi bila yeyote kulalamika. Hii ni kwa sababu wateja hawatumii migao yao yote kwa wakati mmoja.

Kila mteja hupewa kompyuta pepe, yaani kompyuta isiyo na umbo iliyoundwa kwa programu ndani ya seva hiyo. Programu-simamizi nayo hukagua kila mara ni nani anayetumia kumbukumbu na ni nani aliyeikalia bure.

Mnamo 2002, Carl Waldspurger wa kampuni ya VMware ya Marekani alieleza mbinu ya 'puto'. Programu ndogo ndani ya kompyuta pepe hufura na kudai kumbukumbu, hivyo kuulazimu mfumo wa kompyuta hiyo kuachilia kile usichokihitaji mno. Kinachoachiliwa hupewa jirani.

Utaratibu huo ni wa busara, mradi majirani wasibanwe kwa pamoja. Wakibanwa, tuseme wakati wa kufunga hesabu za mwezi, seva hulazimika kuhamishia data kwenye diski, ambayo ni ya polepole mno, na kazi zote huzorota.

Katika seva za Linux zinazotumia KVM, hali yaweza kuwa mbaya zaidi. Kumbukumbu ikiisha kabisa, Linux huua programu moja ili kuokoa nyingine, na aghalabu huchagua ile inayotumia kumbukumbu nyingi zaidi. Machoni pa seva hiyo, kompyuta pepe nzima ni programu tu. Hivyo basi, aliyelipia mgao mkubwa na kuutumia ndiye huenda akazimiwa kwanza, pasi na kosa lolote.

Waliosafiri kwa matatu kabla ya kanuni za Michuki za 2004 wanaifahamu karaha ya kulipa nauli na kukosa kiti. Lakini abiria huyo angalau aliuona msongamano kabla ya kupanda. Mteja wa seva huonyeshwa gigabaiti alizoahidiwa, ilhali takwimu za seva nzima zimo mikononi mwa mwenyewe.

Isitoshe, bei ya kumbukumbu ilipanda sana mnamo 2025 kutokana na mahitaji ya akili bandia, na kishawishi cha kuahidi kupita kiasi kikaongezeka.

Mifumo hii inaruhusu mteja kutengewa kumbukumbu isiyoguswa. Hospitali au chama cha akiba na mikopo kinapaswa kudai hilo liandikwe katika mkataba, pamoja na haki ya kuziona takwimu hizo, hata kama ada itapanda.