Dada Kazungusha Kiuno Kwenye Gofu, Mnacheka Nini?

Haya wadau, mji kasoro bahari umechangamka! Mrembo mmoja maarufu katupia klipu akicheza gofu pale Gymkhana Morogoro, milima ya Uluguru nyuma yake. Kilichofuata ni vicheko tu. "Hiyo gofu au singeli?" "Kiuno cha nini, piga mpira!" Wengine wakavuka mpaka, wakashusha matusi. Jioni klipu ikafutwa.

Ukweli ni kwamba waliocheka ndio hawajui. Kwenye gofu, kiuno na nyonga ndiyo injini. Mchezaji akirudisha fimbo nyuma, mabega yanageuka kama nyuzi 90, nyonga karibu nusu yake. Hapo mwili umejisokota kama nguo inayokamuliwa. Akianza kushusha, haanzi na mikono. Uzito unahamia mguu wa mbele, nyonga zinafunguka kuelekea mpira unakopelekwa, kinafuata kifua, mikono, halafu fimbo inakuja mwisho na kasi yote. Ukitanguliza mikono, mpira unaishia porini. Ila kuzungusha sio kuyumba: nyonga zikiteleza pembeni badala ya kugeuka, nguvu imepotea.

Na kwa watu wa Moro hili sio geni kabisa. Mama anayelima miteremko ya Uluguru kwa jembe la mkono hategemei mikono peke yake, angechoka mapema. Anasimamia miguu, kiuno kinafanya kazi. Mbona yeye hachekwi?

Kinachouma ni hiki: Tiger Woods kasifiwa miaka yote kwa kasi ya nyonga zake, anaitwa fundi. Dada akifanya kitu kile kile, eti anajiuza. Matokeo yake binti mwingine aliyekuwa anatamani kujaribu anaona zile comments, anaamua bora akae nyumbani. Au akienda, anapiga amekakamaa kama nguzo ya umeme, mpira hauendi popote, anasema gofu sio ya wanawake. Wakati Tanzania hii hii ina Madina Iddi, aliyebeba bendera ya nchi kwenye mashindano ya nje. Kwa kukakamaa asingefika huko.

Kwa hiyo dada, rudisha klipu yako, na kiuno usikipunguze hata kidogo. Nyie mliocheka, shikeni fimbo siku moja mpige bila kiuno, tuone mpira utafika wapi.

Tupia maoni yako hapo chini mdau, ila matusi yaache nyumbani.